Boti Iliyopanda Butembo

Jumanne, 2 Septemba

Mkono wa kushoto wa sanamu ya Mtakatifu Yosefu umetoka na mapovu. Nimeukata. Kesho nitaumimina upya. Parokia wanaungoja, na mvua hainipi nafasi. Binti yetu Espé amerudi kutoka shule na viatu mkononi, miguu yote tope. Mama yangu kamkaripia, halafu akamchemshia maji.

Jioni bwana wangu Kambale amepiga simu kutoka Beni. Anakuja keshokutwa. Hakusema kwa nini. Hasemi kamwe kwa nini.

Mwaka wa pili sasa tunaishi hivi. Bwana wangu Beni, commune Ruwenzori, anatengeneza moteri. Mimi hapa Butembo na binti yetu na mama yangu, namimina sanamu na mabeseni ya fibre, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa rezini. Alipopata ile atelier, karakana yake ya kule, alikubali kwanza, kisha akaniambia. Nikakataa kuhama. Kule watu wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia waasi. Na hata kungekuwa na amani, mke anaulizwa kwanza. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 4 Septemba

Amekuja. Juu ya kamio, lori la mizigo. Na boti.

Sijui niandike vipi. Boti nyeupe, ndefu kuliko nyumba yetu, pua kali kama kisu. Ilitengenezwa kwa watu wa kushindana mbio majini, upande wa Uganda. Motards wote wa mtaa walisimamisha pikipiki zao kupiga picha. Boti Butembo! Mto wetu Kimemi hauwezi hata kubeba bata vizuri.

Mwenye boti, aliyekuja naye, ni Mama Kavugho, mchuuzi wa samaki wa Beni. Mwanamke mnene, sauti ya chini, haharakishi maneno. Ana vijana wawili wanaoleta samaki kutoka ziwa Edouard, na samaki wanaoza kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana akanunua kitu cha mbio. Lakini tumboni mwa hii boti mna moteri mbili kubwa. Zinakunywa mafuta kama walevi. Mapanga yake, yale yanayozunguka kusukuma maji, yako chini kabisa, yanakamata mchanga na majani kila mara. Ukitaka kutengeneza kitu kidogo lazima uingie tumboni, ulale katikati ya moshi wa petroli. Kijana wake mkubwa alizimia humo, wakamtoa kwa kumvuta miguu.

Kwa hiyo: kutoa moteri za ndani, kuweka mbili za kuning'inia nyuma, nje ya boti. Hizo mpya ziko tayari kwa muagizaji hapa mjini. Moteri ni kazi ya Kambale. Kuziba matundu ya zamani, na kutengeneza ukuta wa nyuma utakaobeba ule uzito mpya, ni kazi yangu.

Amenitambulisha hivi: "Bibi yangu njo huyu. Boti anazitengenezaka tangu zamani."

Sijawahi kugusa boti maishani mwangu. Nilimpa mgeni kiti. Moyoni nilikuwa nachemka.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilimuuliza asubuhi kabla hajanywa chai. "Papa Espé, kwanini ulimudanganya ule mama?"

"Sikudanganya. Fibre ni fibre. Mutu anatengeneza mukono ya Yosefu, anashindwa aje tako ya boti?"

"Yosefu haendake mu maji."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda mwenyewe kwa Mama Kavugho, pale alipolala kwa ndugu zake, nikamwambia ukweli: mimi ni wa sanamu na mabeseni. Hakushangaa. Akanifuata mpaka nyumbani, akaangalia kazi zangu moja moja. Akavua viatu, akapanda ndani ya beseni kubwa la kuogea, akarukaruka na unene wake wote. Beseni halikulia.

"Hata mimi sikuzaliwa na samaki mu mukono," akasema. "Fanya."

Sasa naogopa zaidi. Uongo wa Kambale ungekuwa wake. Hii sasa ni ahadi yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Moteri za ndani zimetoka. Kambale alifunga palan, kapi ya kunyanyulia, juu ya miti mitatu, akavuta mnyororo polepole, moja, halafu nyingine. Zilipotoka boti ilipanda yenyewe juu ya magogo, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Tumbo limebaki wazi, jeusi, linanuka.

Tumefanya kazi siku nzima bila kugombana. Ananipa kifaa kabla sijaomba. Nilikuwa nimesahau kwamba tunaweza. Inaniudhi.

Alhamisi, 11 Septemba

Habari mbaya. Nilichoma ukuta wa nyuma na bisibisi kujua unene wake. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Maji ya kahawia yakatoka. Ndani ya fibre kuna triplex, mbao za tabaka, na triplex yote imeoza, unaichota na kijiko. Nje ukuta unang'aa kama mpya.

Ungeweza kufunikwa. Tabaka mbili za fibre, rangi, hakuna mtu angejua. Mpaka siku moteri zingeng'oka na nusu ya boti, katikati ya ziwa.

Tulimpigia Mama Kavugho. Aliuliza kwanza kama nina hakika. Kisha: "Batoto yangu njo bataingia mule. Toa yote."

Jumatatu, 15 Septemba

Mjomba wa Kambale ametuletea mbao za mti wa libuyu kutoka Mabalako, kavu, nzito, nzuri sana. Tumezikata na kuzigandisha pamoja mpaka ukuta ukawa mnene kama upana wa kiganja changu. Leo nimeanza kuuvika fibre, ndani na nje. Tabaka la kwanza, la pili. Mikono inawasha. Nimeridhika.

Jumatano, 17 Septemba

Rezini haikukauka.

Tangu juzi nangoja. Baridi, ukungu, mvua. Nimegusa asubuhi: asali. Nimegusa mchana: asali. Vitu vidogo kama mkono wa sanamu naviingiza jikoni, vinakauka. Boti haiingii jikoni. Jirani akashauri tuwashe mbabula, majiko ya makaa, chini ya bâche, turubai la kufunikia boti. Rezini na moto! Tungechoma mtaa mzima.

Nimelia. Si kidogo. Nililia nyuma ya boti ili mama asinione, lakini aliniona.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwangua yote. Siku mbili za kukwangua. Vidole havifungiki.

Kambale akasema, "Tuipeleke Beni. Kule joto."

Nilimtazama. Nikamuuliza kama ni mpango wake tangu mwanzo, boti ije hapa ishindikane ili mimi nishuke Beni. Akaapa kwa mama yake marehemu kwamba hapana. Namwamini. Rezini haijui mambo ya ndoa. Inataka joto tu.

Mama atabaki na Espé. Mama alisema: "Enda umalize kazi yako. Hiyo ingine mutaona." 

Naogopa. Nimeweka viatu vya kufunga kamba ndani ya mfuko.

Jumapili, 21 Septemba

Tuko Beni. Njia mbaya, kamio ikitambaa. Kwenye kizuizi mwanajeshi mmoja alizunguka boti mara mbili akiwa na bunduki begani. "Bwato na ngomba?" Boti mlimani? Akacheka mpaka akalazimika kujishika kwenye tairi. Akawaambia wenzake: "Tika baleka." Waacheni wapite. Tukapita. Alikuwa kijana mzuri. Nimemwombea.

Chumba cha Kambale ni kisafi. Sufuria mbili, kitanda kimoja chembamba. Nilitegemea uchafu, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuukuta.

Nyuma kuna hangar kubwa, paa la juu sana, madirisha mapana pande mbili. Kwa moteri ni kubwa mno. Boti imeingia yote.

Jumanne, 23 Septemba

IMEKAUKA. Nilipiga ukuta na kifundo cha kidole ukalia ko! ko! kama mlango wa kanisa. Nimepiga tena na tena kwa furaha. Kambale akaja mbio akidhani nimeumia.

Mchana jirani, Mama Biira, ameleta ndizi. Ni mwalimu wa kwaya kwa Waprotestanti, anasema kila kitu kinachomjia mdomoni. "Ah! Wewe njo mwenye hangar!" Sikuelewa. Akaeleza: Kambale alipojenga aliwaambia watu kwamba madirisha yawe mapana, kwa sababu dawa za bibi yake zina harufu kali.

Alijenga mwaka jana. Kwa ajili ya mabeseni yangu. Hakuniambia hata siku moja.

Nilimuuliza kwa nini. Aliendelea kusugua mikono na mafuta. "Ungesema ninakusukuma."

Kweli, ningesema. Nimeguswa. Na nimekasirika pia. Vyote viwili pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumegombana.

Matundu ya chini nimeyaziba, ukuta umesimama, mnene, mzuri. Lakini moteri mpya zina miguu mifupi. Ili mapanga yafike majini, lazima ukuta ukatwe katikati, ushuke chini. Hilo nimekubali. Nikasema, basi tujenge kinga ndani, mbele ya moteri, kama beseni pana lenye matundu, ili maji yakiruka pale palipokatwa yaangukie humo na kurudi ziwani. Beseni najua kutengeneza.

Kambale hakutaka. Boti itakuwa inakimbia, alisema, maji hayataikamata. Tena amekwisha kumwahidi Mama Kavugho kwamba Ijumaa tunaishusha ziwani.

Amekwisha kuahidi. Tena. Bila kuniuliza.

Nilikuwa nimechoka. Nikasema fanya unavyotaka. Kauli mbaya hiyo, mtu anapoisema anakuwa ameshaondoka, hata kama bado amesimama hapo.

Leo asubuhi majirani walisema walisikia risasi usiku, mbali. Nilizisikia. Nililala na viatu. Yeye pia, niliona.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kyavinyonge, kwenye ziwa Edouard. Tulingoja msafara wa kijeshi, tukashuka katikati ya magari ya bidhaa. Hatukupata shida. Asante Mungu.

Ziwa sikujua ni kubwa hivi. Nilifikiri nitaona ng'ambo. Joto. Harufu ya samaki mpaka kwenye nywele. Viboko wametoa vichwa karibu na mahali wanawake wanapofulia, na wanawake wanaendelea kufua.

Boti imeingia majini. Imeelea. Vijana wa Mama Kavugho walipiga kelele. Mimi nilitazama ule ukuta tu.

Kesho tutaijaribu. Nimesema nitapanda. Sijui kuogelea. Lakini ukuta ni wangu, siwezi kuutuma peke yake.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tuko hai.

Tulipanda watu wanne: Kambale kwenye usukani, vijana wawili wa Mama Kavugho, mimi nyuma karibu na moteri, nimeshika kamba kwa mikono miwili. Mama Kavugho alibaki ufukweni.

Mwanzo ilikuwa ajabu. Kambale akasukuma mkono wa mafuta, boti ikainuka, ikaruka. Nilipiga yowe na yowe likabaki nyuma. Pua ilipanda juu mno, kwa sababu tumbo ni tupu na uzito wote sasa uko nyuma. Kambale hakuona mbele. Ghafla mtumbwi wa wavuvi, karibu kabisa. Kijana mkubwa akapiga kelele: "Simama! Kuko batu!"

Kambale akakata mafuta mara moja. Boti ikaketi. Na wimbi letu wenyewe, lile tulilokuwa tunaliburuta, likatufikia kwa nyuma. Likapita juu ya ukuta pale palipokatwa. Zito, la kijani, halikuharakisha. Maji yakafika magotini. Moteri moja ikazima. Kijana mdogo alichota maji kwa kofia yake. Mimi niliomba Salamu Maria na sikufika mwisho, nilikuwa narudia mstari wa kwanza tu.

Wale wavuvi tuliokaribia kuwagonga ndio waliotufunga kamba, wakatuvuta wakisaidiwa na mtumbwi mwingine uliokuja. Ufukweni watu wote wamesimama. Mama Kavugho aliwashika vijana wake kichwani, mmoja mmoja, kama anawahesabu. Kisha akaketi mchangani. 

Kambale alitoka majini, akasimama mbele yake. Nilifikiri atataja wavuvi, au moteri. Akasema: "Mama, bibi yangu alinionya juu ya haya maji. Mimi njo nilikatala. Kosa ni yangu."

Mbele ya watu wote. Miaka yote ya ndoa sijawahi kusikia maneno hayo kutoka mdomoni mwake.

Mama Kavugho alinigeukia. "Utaweza kutengeneza vile ulitaka?"

"Ndiyo, Mama. Hapa hapa."

Kabla ya giza nilipapasa ukuta wote kwa vidole. Hauna ufa. Hata mmoja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Hapa shida ni nyingine. Butembo rezini haikauki, Kyavinyonge inakauka kabla hujaitumia. Ndoo ya kwanza ilianza kutoa moshi mkononi mwangu, ikawa jiwe. Nikaitupa mchangani, watoto wakaikimbia kama bomu. Sasa nachanganya kidogo kidogo, alfajiri, kivulini.

Kambale amehamisha matangi ya mafuta na betri, ameviweka mbele ya pale moteri za zamani zilipolala, ili pua ishuke. Ile moteri iliyozimika ameifungua, ameikausha, imewaka.

Tunafanya kazi kimya. Si kimya cha hasira. Saa ya chakula alinitolea samaki miiba, kama zamani nilipokuwa na mimba ya Espé. Sikumwambia aache.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo Mama Kavugho alipanda mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Vijana walimkataza, akawasukuma kando. "Kama ni kufa, tutaona wote."

Nilipanda pia. Nilikaa palepale nyuma, nikashika kamba.

Pua ilibaki chini. Tuliona mbele vizuri, mpaka ndege waliokaa juu ya maji. Tulipofika mahali pazuri Kambale alitugeukia, hakumtazama mwenye boti, alinitazama mimi. Nikaitika kwa kichwa. Akakata mafuta.

Wimbi likaja. Likapanda ukuta, likaanguka ndani ya beseni langu, likachemka humo, likatoka kwenye matundu mawili. Ndani ya boti hata tone halikuingia, viatu vyetu vikavu.

"Tena," Mama Kavugho akasema.

Tukarudia.

"Tena."

Mara ya tatu alianza kucheka, machozi yanatoka. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. "Wasingya," aliniambia kwa Kinande, asante, na mengine ambayo nitayaweka moyoni tu. Vijana wakaomba usukani. Kambale akawafundisha mpaka mafuta yakakaribia kwisha.

Nilitapika tuliporudi ufukweni. Wanawake wa kufua walinicheka sana. Nami nikacheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Beni. Misa ya kwanza. Padri alihubiri kwa ufupi, mvua ikigonga bati. Nimempigia Espé, hesabu imemshinda, bibi yake hajambo.

Baada ya misa Mama Kavugho alitungoja mlangoni. Boti imekwenda na kurudi mara mbili, samaki wamefika wazima. Sasa wachuuzi wengine wawili wanataka boti zao zibadilishwe vilevile. Amemwomba Kambale ahamie Kyavinyonge, asimamie moteri zote. Alimwomba pale pale, nikiwa nimesimama pembeni na mwavuli.

Nilijua jibu. Nilishaanza kukasirika mapema.

Kambale akasema: "Nitamuuliza kwanza Mama Espé."

Tulirudi chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika aliweka viti viwili chini ya paa la hangar, akanifutia kimoja. Akaniuliza. Kyavinyonge, Beni au Butembo, hata kufunga atelier na kupanda kwetu: amjibu nini Mama Kavugho? Aliuliza kwa shida, kama mtu anayesema lugha ya kigeni. Mwisho akasema, "Wewe unaona aje?"

 Nimemwambia angoje.

Anangoja. Ameketi kizingitini anamenya ndizi za mchana, hanitazami, hanisukumi. Mvua imepungua. Nafikiri.